Bodi zimefika: Wi-Fi haivuki ukuta, skrubu inagusa kapasita. Wakuu, nimekosea wapi kwenye maeneo ya marufuku ya PCB?

#1 KukuNaKodi

Wakuu, habari za jioni.

Niko Morogoro. Natengeneza kidhibiti cha mashine ya kutotolesha vifaranga: ESP32-WROOM-32 (moduli ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) inasoma joto na unyevu, inawasha taa za joto kupitia rilei, inageuza mayai kila baada ya saa 2, na inanitumia taarifa kwenye simu. Kwenye bredibodi imefanya kazi miezi minne bila shida. Nikasema sasa niache kubabaisha na nyaya, nikachora bodi yangu ya saketi (PCB) kwa programu ya KiCad, nikaagiza 5 kutoka nje. Zimefika juzi, zinang'aa, nilitaka kuzilamba.

Furaha ilidumu saa moja. Wi-Fi inashika nikiwa mita tatu kutoka kwenye rauta. Nikienda chumba cha pili, kwisha. Ile ya bredibodi ilikuwa inafika hadi bandani. Kufunga bodi kwenye boksi, kichwa cha skrubu ya M3 kimepanda juu ya kapasita iliyo pembeni ya tundu. Na tamina ya kufungia nyaya za taa imeangaliana uso kwa uso na rilei, bisibisi inaingia lakini waya hauna pa kupita.

Jamaa mmoja kaniambia "hukuweka keepout". Nimesoma, nimechanganyikiwa. Kuna keepout, kuna hiyo wanayoiita kotiyadi, kuna rule area. Ni kitu kimoja au vitatu? Naombeni darasa, nipo hapa nanoti.

#2 Mzee_wa_Benchi

Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 FundiShaba

Mkuu pole. Kabla ya darasa, maswali matatu. Kwanza, moduli ya ESP32 umeiweka wapi kwenye bodi, katikati au ukingoni? Pili, graundi (shaba ya 0 V) umeimwaga tabaka zote mbili, na imepita chini ya antena? Tatu, na hili ujibu kwa ukweli maana hapa sote tumewahi kutenda dhambi hii: DRC (ukaguzi wa kanuni wa KiCad) ilikwambia nini kabla hujatoa Gerber (faili za kiwandani)?

#4 KukuNaKodi

Ukweli mtupu:

Moduli iko ndani kidogo, ncha ya antena iko kama 8 mm kutoka ukingoni. Graundi nimemwaga juu na chini bodi nzima, niliona kwenye video wanasema graundi ikiwa kubwa ni bora. DRC ilinipa makosa 11, mengi "Courtyards overlap". Nikaona shaba haijagusana popote, basi nikaingia kwenye mipangilio nikaweka "Ignore". Futiprinti (mchoro wa alama za kipande kwenye bodi) ya ESP32 nayo nilibadilisha, ile ya maktaba ya KiCad ilikuwa na mistari mikubwa ya ajabu imetanuka pembeni inanizuia kuweka rilei. Nikapakua nyingine mtandaoni isiyo na hiyo mistari.

#5 FundiShaba

Hahaha, mdogo wangu. Hiyo mistari ya ajabu ndiyo ilikuwa dawa, wewe ukaona ni ugonjwa.

Ngoja nianze na majina, maana hapo ndipo wengi tunapotea.

Kotiyadi (courtyard), mimi huiita mpaka wa kipande. Ni uzio unaochorwa kuzunguka kila futiprinti kwenye tabaka lake (F.Courtyard kwa upande wa juu, B.Courtyard kwa upande wa chini). Hauna shaba wala hauchapishwi kwenye bodi. Kazi yake ni kuiambia programu: kipande hiki, pamoja na padi zake (shaba za kusolda miguu) na nafasi ya kupumua, kinakula eneo hili, mwingine asiingie. Mipaka miwili ikipandana, DRC inalia. Kwa hiyo "Courtyards overlap" haikuwa inazungumzia shaba hata kidogo. Ilikuwa inakwambia kuwa miili ya vipande itagombana. Wewe ulikagua shaba, ukamjibu swali ambalo hakukuuliza.

Eneo la marufuku ni kitu kingine. Hilo unachora wewe, kwenye bodi au ndani ya futiprinti, unasema: humu hakuna njia (mstari wa shaba), au hakuna via (kitundu cha kuunganisha tabaka), au padi, au shaba ya kumwaga, au hakuna kipande kabisa. Unachagua kimoja kimoja kwa kuweka tiki. KiCad ya zamani, toleo la 5, ililiita keepout. Kuanzia toleo la 6 wakabadili jina likawa "Rule Area" kwa sababu eneo hilohilo sasa unaweza kulipa jina na kulitungia kanuni zako. Kwa hiyo katika vitu vyako vitatu, viwili ni kimoja.

Sasa rudi kwenye ile futiprinti uliyoitupa. Iliyo kwenye maktaba ya KiCad ina mpaka wenye umbo la herufi T. Moduli ina upana wa 18 mm, lakini kwenye kichwa cha antena mpaka unatanuka mabega, 15 mm kila upande. Na ndani yake kuna eneo la marufuku la shaba. Hakuna aliyekosea kuchora. Aliyechora alikuwa amesoma maelekezo ya Espressif, watengenezaji wa ESP32, kuhusu nafasi ya antena akayaweka humo ili wewe usilazimike kuyakumbuka.

#6 LuthuliAvenueKid

Niko Nairobi, naomba kupinga kidogo. Hizo kotiyadi boss usiziabudu. Mimi nachora bodi ndogo za kuvaliwa mkononi, kila milimita ni pesa. Ukifuata mipaka ya maktaba, kapasita za kuchuja umeme zinakaa mbali na chipu, na hiyo ni mbaya kuliko vipande kukaribiana. Mimi mipaka ikigusana naendelea na maisha, bado sijarudishiwa bodi.

#7 FundiShaba

Kaka, kugusana si kupandana. Mistari ikikaa bega kwa bega DRC hailalamiki. Na hoja yako ina msingi: zile namba si sheria ya Musa. Kiwango chenyewe cha futiprinti, IPC-7351, kina ngazi tatu. Bodi yenye nafasi, inayopigwa pasi kwa mkono na kurekebishwa mara kwa mara, nyongeza ya mpaka ni 0.5 mm. Ya kawaida ni 0.25 mm. Ya kubana kama zako ni 0.1 mm. Maktaba ya KiCad inatumia 0.25 kwa vipande vingi, 0.15 kwa vile vidogo kuliko saizi ya 0603, 0.5 kwa konekta, na inapanda hadi 1 mm kwa BGA (chipu zenye vidonge vya solda chini ya tumbo) kwa sababu chombo cha kuing'olea kinahitaji pa kukanyaga.

Ukitaka kubana, badilisha mpaka ndani ya futiprinti yako, uwe umeamua. Au bofya kosa hilo moja kwenye orodha ya DRC ulitoe peke yake. Alichofanya mwenzetu ni kumziba mlinzi mdomo kwa sababu amebweka mara 11. Kati ya hizo 11, labda 8 zilikuwa za bure. Zile 3 ndizo hizi tunazozungumza usiku huu.

#8 LuthuliAvenueKid

Hapo sawa, nimekubali. Kuzima kanuni yote ni noma.

#9 Wimbi2400

Salaam kutoka Zanzibar. Mimi kazi yangu ni redio, kwa hiyo nichukue hili la antena.

KukuNaKodi, ule mstari wa shaba uliokunjwa kama nyoka kwenye ncha ya moduli ndiyo antena yenyewe. Kwenye 2.4 GHz, wimbi zima lina urefu wa karibu 125 mm, robo yake ni kama 31 mm, na huo mstari umepimwa na kukunjwa ili ucheze kwenye masafa hayo hasa. Ukiweka graundi chini yake, umeweka sahani ya kapasita. Masafa yake yanashuka, nguvu inayotoka kwenye chipu inagonga na kurudi badala ya kuondoka hewani. Hakuna kinachoungua, moduli inaendelea kuwaka na kutoa majibu kwenye siriali, ndiyo maana watu hulaumu rauta, halafu programu, halafu mtandao wa simu. Bodi inakumbukwa mwisho.

Hata fiberglasi tupu ya bodi, bila shaba, inavuta masafa kidogo. Kwa hiyo mpangilio wa kwanza kwa ubora ni antena kuning'inia nje ya ukingo wa bodi kabisa. Ikishindikana, kata bodi chini yake, acha uwazi. Ikishindikana hilo nalo, iweke ukingoni, na eneo la marufuku liwe tabaka ZOTE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Nimeona bodi ya tabaka nne, mchoraji ameondoa shaba juu na chini vizuri sana, akasahau mbili za ndani.

Ile 15 mm inahusu pia vitu visivyo shaba ya bodi. Rilei ina koili na chuma ndani. Betri, skrini, skrubu, nyaya za taa zinazopita juu ya antena, vyote ni shaba tu kwa macho ya wimbi. Programu haiwezi kukuonya kuhusu waya utakaoupitisha wewe mwenyewe siku ya kufunga boksi. Na boksi lisiwe la bati!

Hizo bodi 5 usizitupe. Ncha iko 8 mm kutoka ukingoni, sivyo? Hakikisha hakuna njia inayopita hapo, chukua msumeno mwembamba wa sonara, kata pengo kuanzia ukingoni hadi chini ya antena yote. Eneo la antena kwenye moduli hiyo ni kama 6 mm. Vaa barakoa, vumbi la fiberglasi si la kuvuta.

#10 KukuNaKodi

Dada ahsante sana. Chini ya antena kuna graundi tu, hakuna njia. Kesho naenda kwa sonara kuazima msumeno.

#11 VoltiMiambili30

Samahani kuingilia uzi wa Wi-Fi. Mimi kilichonishtua ni "graundi nimemwaga bodi nzima" na "rilei ya taa" kwenye bodi moja. Taa ni za umeme wa ukutani, si ndiyo? Rilei ni ile ya bluu ya Songle, SRD-05VDC? Pima umbali kutoka shaba yoyote ya graundi hadi shaba yoyote inayobeba umeme wa volti 230. Chukua kalipa upime, usikadirie kwenye skrini.

#12 KukuNaKodi

Ndiyo ni hiyohiyo ya bluu. Nimepima sasa hivi. Padi ya kati ya rilei hadi shaba ya graundi ni 0.5 mm. Njia inayoelekea tamina, 0.5 mm hadi graundi pande zote mbili. Nilikuwa nimeongeza kutoka 0.2, nikajiona mjanja.

#13 VoltiMiambili30

Chomoa hiyo bodi ukutani sasa. Usiiwashe tena na taa hata kwa majaribio.

Nikueleze kwa nini. Graundi yako imeungana na nini? Na waya wa kihisi kilicho ndani ya mashine, na mfuniko wa chuma wa soketi ya USB, ambao mkono wako unaushika ukiwa na laptop. Siku unyevu na vumbi la manyoya ya vifaranga vikijenga daraja kwenye hiyo nusu milimita, 230 inatembea hadi kwenye USB. Hapo Wi-Fi haitakusumbua tena.

Umbali uko wa aina mbili. Kuna wa kupita hewani, mstari ulionyooka. Na kuna wa kutambaa juu ya uso wa bodi (creepage). Huu wa kutambaa ndio mrefu zaidi unaotakiwa, kwa sababu uchafu unakaa kwenye uso. Kwa majedwali ya IEC, viwango vya kimataifa vya umeme, kati ya umeme wa ukutani na upande ambao mtu anaweza kuugusa, bodi ya kawaida ya fiberglasi (FR4) kwenye mazingira ya ndani ya nyumba inahitaji 5 mm za kutambaa. Lakini mazingira yenye unyevu na uchafu, inakuwa 8 mm. Mashine yako ina unyevu wa asilimia ngapi?

#14 KukuNaKodi

55 siku 18 za kwanza, napandisha hadi 70 siku tatu za mwisho. Na boksi la kidhibiti liko ndani ya mashine, juu ya feni 🙈

#15 VoltiMiambili30

Basi boksi litoke nje leo, ndani kibaki kihisi peke yake. Na uchore kwa 8.

Sasa ile rilei ya bluu ina mtego wake. Angalia pini zake: ziko tano. Mbili za koili, mbili za kontakti upande wa mbali, na ile ya COM, inayobeba umeme wa taa, wameiweka KATI YA pini mbili za koili. Pini za koili ziko 12 mm kutoka moja hadi nyingine, COM iko katikati na imesogea mbele 2 mm. Piga hesabu: mzizi wa 6 mara 6 jumlisha 2 mara 2, unapata 6.3 mm kutoka kitovu hadi kitovu. Ukitoa padi za 2.5 mm, inabaki 3.8 mm. Hewani inatosha, kwa umeme wetu hewani huhitaji zaidi ya 3. Kwa kutambaa haitoshi kwa namna yoyote, hata kwa ile 5.

Ndiyo maana kwenye moduli nzuri za rilei unaona mfereji uliokatwa ukizunguka pini ya COM kama kiatu cha farasi. Si urembo. Mkondo unaotambaa unalazimika kuzunguka mwisho wa mfereji. Upana wake usiwe chini ya 1 mm, kwa mazingira machafu 1.5 mm, vinginevyo kwa mujibu wa kiwango ni kana kwamba haupo. Au achana na hiyo rilei, tafuta zile ndefu kama G2RL ya Omron, koili iko mwisho huu na kontakti mwisho ule, imeachana 10 mm. Bei ni zaidi lakini mchoro unakuwa rahisi kama kuchora barabara ya Dodoma.

Kwenye mchoro wenyewe: chora eneo la marufuku la shaba ya kumwaga kuzunguka sehemu yote ya 230, tabaka zote mbili. Halafu tenga neti (miunganisho) za umeme huo kwenye kundi lake, uandike kanuni:

```
(version 1)
(rule "umeme_wa_ukuta"
  (condition "A.NetClass == 'Umeme230' && B.NetClass != 'Umeme230'")
  (constraint clearance (min 8mm)))
```

Kwa nini vyote viwili? Eneo linazuia graundi kumwagika pale ulipochora. Kanuni inazuia hata njia ya 3.3 V utakayoipitisha saa nane usiku ukiwa na usingizi. Ukibaki na rilei ya bluu, kanuni italia kuhusu pini za koili. Hilo lisamehe peke yake, baada ya kuchora mfereji kwenye Edge.Cuts (tabaka la kukatia bodi), si kabla. Wenye KiCad 9 wana kanuni ya kutambaa yenyewe, inapima hadi kuzunguka mfereji.

#16 Mzee_wa_Benchi

Uzi umeanza na rauta sasa tuko kwenye kuokoa roho za watu. Endeleeni.

#17 MamaSolda

Mimi sichori, naunganisha. Bodi za watu zinakuja kwangu Dar nazipiga pasi, na zikiharibika zinarudi kwangu. Kwa hiyo naona makosa ambayo DRC haiyaoni.

Tundu la skrubu. Watu wanachora tundu la 3.2 mm kwa M3, basi, wameridhika. Skrubu si tundu! Kichwa chake ni karibu 5.6 mm, ukiweka washa ni 7. Na washa huzunguka wakati wa kukaza, ikikwangua rangi ya kijani imefika kwenye shaba. Nawaomba duara la marufuku la 8 mm, pande zote mbili za bodi, hakuna njia wala kipande. Na upande wa chini kuna nguzo ya boksi, nayo ina kipenyo chake, kaipime.

Tamina ya nyaya. Mpaka wake unaishia kwenye plastiki, lakini waya haujaingia bado. Waya wa taa wa 1.5 mm² haukunjiki kama uzi. Acha sentimita moja na nusu mbele ya mdomo wake, na juu yake pawe wazi bisibisi isimame wima.

USB. Mnapima soketi, hampimi plagi. Gamba la plagi ya USB-C linaruhusiwa kufika upana wa 12.35 mm na unene wa 6.5 mm, ni kubwa kuliko soketi yenyewe. Ukirudisha soketi ndani ya bodi au ukiwa na ukuta mnene wa boksi, plagi inagota kabla haijaingia.

Kapasita ndefu za elektroliti zenye mikato kichwani: ile mikato ni mlango wa kutokea gesi. Mfuniko wa boksi usiikalie. Acha 2 mm juu yake kwa zile za kipenyo cha hadi 16 mm, zaidi ya hapo 3.

Na bodi zinazokuja zikiwa zimeungana ubaoni ili uzivunje mwenyewe: tafadhali, kapasita za seramiki zisikae jirani na mstari wa kuvunjia. Zikikaa hapo zilale sambamba na mstari, zisiukabili. Zinapasuka ndani, kwa macho huoni kitu, mteja anarudi baada ya mwezi bodi inakula chaji.

La mwisho ni la ubinafsi wangu. Kipande ambacho mnajua kitakufa kwanza, rilei au fyuzi, kiachieni nafasi ya ncha ya pasi. Nimewahi kung'oa rilei kwa kuiyeyusha kipande kipande kwa sababu imebanwa na kapasita nne.

#18 KukuNaKodi

Mama nimekuelewa. Kapasita yangu iko 2.9 mm kutoka kitovu cha tundu. Mpaka wa tundu la skrubu kwenye futiprinti niliyotumia ulikuwepo, ndio mmoja wa wale 11.

Swali dogo: tamina niliichora futiprinti mwenyewe. DRC ilisema mpaka wake umeharibika, "malformed". Ni nini?

#19 FundiShaba

Mistari yako haijafunga. Kona moja imeachana labda kwa 0.01 mm, kwa macho huioni. Mpaka lazima uwe umbo lililofungwa, vinginevyo programu haijui ndani ni wapi na nje ni wapi, kwa hiyo haikagui kabisa kupandana kwa kipande hicho. Uzio wenye mwanya, mbuzi anapita. Chora kwa zana ya mstatili au poligoni badala ya mistari minne ya kuunga, unene 0.05 mm, ukae kwenye gridi ya 0.01.

Na utaratibu wangu, kwa ufupi: ukingo wa bodi kwanza, matundu ya skrubu pili, konekta zinazotazama nje tatu, kisha maeneo yote ya marufuku, kabla hujaweka hata rezista moja. Ukiyachora mwishoni utakuta kila eneo lina mwenyeji tayari, na utaanza kujipunguzia. "Hapa 8 inaweza kuwa 6." Halafu 4. Tunajuana.

Ukimaliza bonyeza B umwage shaba upya kabla ya kutazama. Wengi wanachora eneo, wanaona shaba bado ipo, wanadhani halifanyi kazi, wanalifuta.

#20 Eagle_Mzee

Sisi wa Eagle, ile programu nyingine ya kuchora bodi, tunaingiaje hapa? Nina tKeepout na tRestrict, miaka yote natumia tKeepout kuzuia shaba, na shaba inapita tu.

#21 FundiShaba

Kwa sababu kwenye Eagle majina yamekaa kinyume na unavyodhani. tKeepout na bKeepout, tabaka namba 39 na 40, ni mipaka ya vipande, kazi ileile ya kotiyadi. Shaba inazuiwa na tRestrict na bRestrict, 41 na 42, na via zina lake, vRestrict, 43. Ila mkuu anza kufikiria kuhama, Autodesk walitangaza mwisho wa Eagle ni Juni 2026. KiCad inafungua faili zake.

#22 Kipanya_cha_Tanga

Tukiwa kwenye majina, niwape kisa cha programu ya Altium. Ina tabaka linaloitwa Keep-Out Layer. Mimi nilichora humo mistari ya kutenganisha umeme mkubwa na mdogo, nikatuma faili lote la mchoro kiwandani badala ya Gerber, uvivu. Wapo wachoraji wengi wanaochora ukingo wa bodi kwenye tabaka hilohilo, ni desturi ya tangu enzi za Protel (jina la zamani la Altium), na kiwanda nilichotuma kinaifuata. Wakasoma mistari yangu kama ukingo. Bodi 10 zimefika zimekatwa vipande viwili viwili, kazi safi kabisa, hata kingo zimesuguliwa. Utenganisho ulikuwa kamili.

#23 LuthuliAvenueKid

😂😂 creepage infinity

#24 Wimbi2400

KukuNaKodi, ule msumeno ulifika?

#25 KukuNaKodi

Wakuu samahani kwa ukimya, ni wiki tano sasa. Mrejesho.

Bodi za kwanza: nilikata pengo chini ya antena kwenye bodi mbili. Sonara alinicheka lakini aliniazima. Kutoka mita tatu nikafika kibarazani, kuta mbili. Rilei iko jirani bado, nadhani ndiyo inayobana iliyobaki. Hizo sasa zinatumika kwa majaribio ya programu tu, upande wa 230 nimeng'oa rilei zote.

Toleo la pili nimechora upya kuanzia mwanzo kwa mpangilio wa FundiShaba. Antena inaning'inia nje ya ukingo. Rilei nimeweka G2RL, nimepata za kuagiza. Umeme wa ukutani umekaa upande mmoja wa bodi, graundi imeishia 8 mm kabla, na kanuni ya VoltiMiambili30 ilinikamata mara mbili, mojawapo njia ya kihisi niliyoipitisha chini ya tamina bila kujua. Matundu yana duara la 8 mm. Bodi imekua kutoka 70 kwa 50 hadi 90 kwa 60, bei imepanda kidogo. DRC ina kosa moja nililolisamehe, nimeandika na sababu.

Zimefika jana. Simu inapokea taarifa nikiwa bandani na mlango umefungwa. Boksi liko nje ya mashine. Mayai yataingia Jumamosi.

Ila kuna jambo. Waya wa USB hauingii. Unagota.

#26 MamaSolda

Ukuta wa boksi una unene gani?

#27 KukuNaKodi

3 mm.

#28 MamaSolda

Na tundu la USB ulilotoboa kwenye boksi, ulipima gamba la plagi au soketi?

#29 KukuNaKodi

Mama naenda kutafuta tupa.